Land Rover 109 pikapu ya mwaka 1978: niirudishie injini yake ya 2.25, niweke 3L au 1HZ za Toyota, au Tdi ya Land Rover?

Magamba109 (#1)

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni mrefu kidogo, naomba mnivumilie, maana nimelala na hili jambo miezi mitatu.

Nina Land Rover Series III, 109, pikapu, dizeli, ya mwaka 1978. Ilikuwa ya marehemu baba. Nikiwa darasa la pili ndiyo iliyokuwa ikitoa kabichi na karoti soko la Lukozi kuzishusha Mombo, na ndiyo iliyompeleka mama hospitali usiku aliozaliwa mdogo wangu wa mwisho. Baba alifariki 2019, gari likafunikwa turubai bandani. Mwaka huu nimeamua lirudi kazini. Sitaki pambo la kupigia picha, nataka gari la kazi, lakini pia sitaki kulivunja heshima yake.

Hali yake: chesisi nimeigonga kwa nyundo ndogo kuanzia bampa hadi kiungo cha nyuma. Palipo pazima chuma kinalia, palipooza kinanyamaza kama unagonga mbao. Pamenyamaza sehemu mbili tu, zote nyuma karibu na tanki, hizo zitakatwa na kuchomelewa upya. Bodi ni alumini, haina shida. Giaboksi inaingia gia zote, gia ya pili inarudi yenyewe ukiachia mafuta kwenye mteremko. Difu ya nyuma ni ya aina ya Salisbury, haivuji.

Shida ni injini. Ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani, cc 2,286, ndiyo tunayoiita 2.25, krenki ya beringi tatu. Asubuhi inataka hita muda mrefu, ikiwaka inatoa moshi mweupe mpaka jirani anafunga dirisha. Ukifungua kifuniko cha oili inapumua kama mtu aliyepanda mlima. Tumepima mgandamizo: silinda ya kwanza psi 310, ya pili 300, ya tatu 220, ya nne 190.

Kazi yake itakuwa hii: mara mbili kwa wiki, mzigo wa kilo 800 hadi 900, kutoka huku juu kwenda Mombo na kurudi na mbolea au saruji. Anayeijua barabara ya Mombo, Soni, Lushoto anajua ninachosema. Ni kilomita 33 hivi na unapanda karibu mita 1,000. Huku kwetu kuelekea Mlalo ni vumbi wakati wa kiangazi na utelezi wakati wa masika.

Naomba mawazo. Nataka hasa ya aliyefanya kwa mkono wake.

Kilimahewa_4x4 (#2)

Mkuu, 1HZ. Silinda sita, cc 4,164, haina tabo (pampu ya kusukumia hewa ndani ya injini), haina kompyuta, haifi. Ndiyo iko kwenye Land Cruiser zote unazoziona porini. Ukiiweka hapo utasahau kabisa kama kuna mlima unaitwa Soni.

FundiNgarenaro (#3)

Mkuu Magamba, pole kwa kumpoteza mzee, na hongera kwa kulifufua gari.

Mimi ni fundi Arusha, Land Rover nimezianza nikiwa kijana wa kushika spana na kuosha vyuma kwa dizeli. 109 nilizozibadilisha injini zinafika kumi na kitu. Naomba niseme jambo ambalo wateja wengi hawapendi kulisikia: kabla ya kuuliza injini gani ina nguvu, uliza giaboksi yako inabeba nguvu kiasi gani.

Injini yako ya dizeli ikiwa mpya inatoa farasi 62 na msukumo wa Nm 140 hivi. Ya petroli ya ukubwa huo huo ilifika Nm 163 hivi. Giaboksi ya Series ilitengenezwa kwa injini za namna hiyo. 1HZ inakuja na Nm 285, karibu mara mbili ya ulichonacho. Itaendesha, tena utafurahi sana mwezi wa kwanza. Mwezi wa nne utaniletea meno ya gia ya pili kwenye kopo. Na hiyo gia yako ya pili inayorudi yenyewe tayari inakuambia kitu.

Tena ile ni silinda sita. Ni ndefu, rejeta inasogezwa mbele, na uzito wote unakaa juu ya springi za mbele ambazo zilipangiwa injini ndogo. Gari linakuwa zito kukata kona, na hiyo 109 haina pawa stelingi.

Ndugu yangu Kilimahewa hajakosea kuhusu 1HZ yenyewe. Ni injini ya kuheshimu. Lakini aliyeiunda aliipa giaboksi yake na ekseli zake. Ukitaka 1HZ, nunua na giaboksi yake na transfa yake (giaboksi ndogo ya kugawa nguvu mbele na nyuma), halafu badilisha na breki. Mwisho wa siku umejenga Land Cruiser yenye bodi ya Land Rover, na pesa uliyotumia ingekununulia Land Cruiser.

Waaustralia waliwahi kuchukua njia ya injini kubwa kwenye Land Rover. Jeshi lao lilipata Land Rover 110 zenye Isuzu 4BD1, cc 3,856, injini ya lori kabisa. Zinaitwa Perentie, na zimefanya kazi miaka mingi. Angalia walichofanya: nyuma ya ile Isuzu waliweka giaboksi ya LT95, chuma kizito hasa. Hawakuigusa giaboksi ya Series.

Kilimahewa_4x4 (#4)

Fundi, nimekuelewa. Mimi niliiona kwenye 109 moja Morogoro, ilikuwa inavuta vibaya sana. Sikuuliza giaboksi ilikuwa ya nani. Naikunja kauli yangu mpaka nipate jibu.

MzeeWaLandrova (#5)

Wanangu, hamjambo. Mimi nimeendesha 109 za serikali tangu 1974 mpaka nilipostaafu, Kondoa, Babati, Mbulu, Singida yote. Nimekuwa nikisoma kimya, leo nimeona niseme.

Hiyo 2.25 msiidharau. Ina nguvu ndogo, kweli. Lakini taimingi yake ni cheni, hakuna mkanda wa kukatika. Haina tabo. Ikiharibika porini utaitengeneza kwa spana sita na waya. Nimewahi kufunga nozeli moja isipige, nikarudi na silinda tatu kilomita 70 nikiwa na mgonjwa nyuma.

Kilichoziua hizi injini ni watu kuzikimbiza. Dereva anataka 90 kwa gari lililopangiwa 70. Tena oili haibadilishwi, chujio la hewa linakaa mwaka mzima na vumbi la Kondoa ndani yake. Yale machujio ya bakuli la oili yanataka kuoshwa kila wiki wakati wa kiangazi.

Mwanangu Magamba, ichonge silinda, weka pistoni mpya, saga krenki, weka beringi, peleka pampu na nozeli kwa mtu mwenye mashine. Itakutumikia tena miaka 20. Baba yako aliipanda Soni na injini hiyo hiyo na kabichi zilifika.

Magamba109 (#6)

Shikamoo mzee. Nashukuru sana, maneno yako yameniingia. Kweli baba aliipanda. Nakumbuka tulikuwa tunaondoka Mombo alfajiri, tunapanda kwa gia ya pili na ya tatu, na kuna sehemu mbili alikuwa anasimama kuacha injini ipoe. Utingo anashuka na jiwe la kuzuia tairi hata kabla gari halijasimama. Sisi watoto tulikuwa tunapenda kusimama kule, kuna maji.

Fundi mmoja wa Tanga amenipa hesabu ya kufanya ovahoo kamili. Silinda zimeshachongwa mara mbili huko nyuma, zimebaki saizi ya mwisho au kuweka sleva (bomba jipya ndani ya silinda). Krenki nayo imeshasagwa. Yaani hii itakuwa ovahoo yake ya mwisho au itabidi nitafute bloku nyingine. Hapo ndipo ninaposita mzee wangu, sidharau.

MzeeWaLandrova (#7)

Marahaba mwanangu. Kama imeshachongwa mara mbili na krenki imesagwa, basi ni haki kufikiria nyingine. Ila usiitupe hiyo. Nitakuambia baadaye kwa nini.

Nakuru_Landy (#8)

Wasee, salamu kutoka Nakuru. Huku kwetu 109 bado ni nyingi mashambani, nyingine ziliunganishwa hapa hapa Thika. Niongezee kitu kimoja, difu.

Series 109 ina difu ya 4.7. Hii ndiyo inakufanya usikie injini inalia ukifika 80 hata kama injini ni mpya. Ukiweka injini yenye nguvu zaidi na uache difu ile ile, utakuwa na nguvu lakini spidi itabaki pale pale na injini itachoka. Mimi nimeweka difu za 3.54, zile za 110, na gari langu sasa linatembea Nakuru hadi Nairobi bila kelele. Ukikosa difu tafuta ovadraivu ya Fairey, inapunguza mizunguko kama asilimia 22. Lakini siku hizi kuipata nzima ni bahati.

Magamba109 (#9)

Asante sana kaka wa Nakuru. Hii imenifanya nikae na kalamu usiku mzima. Naweka hesabu hapa kwa faida ya wengine, fundi anirekebishe nikikosea.

Tairi zangu ni 7.50-16. Nimeweka alama ya chaki kwenye tairi na nyingine chini, nikalisukuma gari mpaka alama irudi chini tena, nikapima kwa futi kamba: mita 2.45. Ukiwa 80 kwa saa unakwenda mita 1,333 kwa dakika. Gawa kwa 2.45, tairi linazunguka mara 544. Zidisha kwa 4.7 ya difu, halafu kwa 1.15 ya transfa ikiwa kwenye hai, yaani mwendo wa kawaida. Gia ya nne ni moja kwa moja. Inakuja 2,940. Yaani injini inazunguka karibu mara 2,900 kwa dakika ukiwa 80 tu. Ukifika 100 ni zaidi ya 3,600, na mwisho wa nguvu wa ile dizeli ni 4,000. Mzee wetu alisema gari lilipangiwa 70, na kalamu imesema hivyo hivyo.

Kwa difu ya 3.54, ukiwa 80 inakuwa 2,200. Ni raha kwa barabara ya Nakuru, nakubali. Ila mimi mlima ndio kazi yangu. Nikiweka 3.54 kila gia inakuwa ndefu kwa theluthi hivi. Ile gia ya pili ya kupandia Soni inakuwa kama tatu kasoro, na wakati wa kushuka na kilo 900 nitakuwa nategemea breki badala ya injini. Breki zangu ni ngoma pande zote nne. Nimewahi kusikia harufu ya breki za gari la baba zikiungua pale juu ya Mombo nikiwa na miaka tisa, na sitaki kuisikia tena nikiwa mimi ndiye niliyeshika usukani.

Kwa hiyo nimeamua la kwanza: 4.7 inabaki. Injini nitakayochagua lazima ikubaliane na 4.7, iwe na msukumo mapema, isiwe ya kutaka kukimbia.

FundiNgarenaro (#10)

Hesabu iko sawa kabisa. Wengi wanaanza na injini halafu wanaishia kulalamikia difu. Wewe umeanza mahali panapotakiwa.

Bwiko_Hiace (#11)

Mkuu mimi naleta upande wa 3L, maana ninayo kwenye 109 yangu mwaka wa sita.

3L ni cc 2,779, farasi 90 hivi, msukumo kama Nm 190. Haina tabo. Faida yake kubwa ni moja: Hiace. Kila kijiji chenye Hiace kina fundi wa 3L na 5L, na kila duka la spea lina gasketi, nozeli, water pampu na mkanda wake. Nikiharibikiwa Bwiko, Same, Korogwe, kote napata spea kabla jua halijazama. Kwa gari la biashara hilo si jambo dogo.

Sasa ubaya wake niuseme kwa ukweli. Kwanza, haikutani na giaboksi ya Land Rover. Lazima uchongeshe sahani ya kuunganishia. Sahani yangu ya kwanza ilichongwa na karakana moja kwa kukadiria kwa macho. Kitovu cha krenki na cha shafti ya giaboksi havikukaa mstari mmoja, vilipishana kitu kidogo sana ambacho huwezi kukiona. Miezi minne nikabadilisha beringi ya mbele ya giaboksi mara mbili na klachi moja. Nikaenda kwa mtu mwenye geji ya mshale, akaifunga kwenye flaiwili, akaizungusha taratibu ncha ikipita ndani ya tundu la belihauzi (kasha la klachi). Mshale ulikuwa unacheza. Akaichonga upya mpaka mshale ukatulia. Tangu siku ile sijafungua giaboksi.

Pili, silinda hedi yake haitaki joto. Ukiichemsha mara moja vizuri, inapasuka katikati ya valvu. Rejeta iwe nzima na thamostati isitolewe. Tatu, mkanda wa taimingi, ubadilishe kila kilomita 100,000, usisubiri taa.

Magamba109 (#12)

Kaka Bwiko, Mungu akubariki kwa kusema hilo la sahani. Karakana yenye uwezo huo huku kwetu sijaiona, itabidi nishuke Tanga au nije Arusha. 3L bado iko mezani, kwa sababu ya spea peke yake inastahili.

Fundi wa Ngarenaro, Tdi je? Nimeona watu wanasema 200 na wengine 300. Tofauti yake kwa gari langu ni nini?

FundiNgarenaro (#13)

Hapa ndipo nilipokuwa nakungojea ufike.

Tdi zote mbili ni cc 2,495, dizeli ya kupiga moja kwa moja kwenye pistoni, ndiyo maana haili mafuta. 200Tdi ilianza kwenye Land Rover Discovery 1989, ikaingia kwenye Defender (yaani 110 na ndugu zake) 1990. 300Tdi ikaifuata 1994. Zote zinazunguka farasi 107 hadi 111 na msukumo wa Nm 255 hadi 265, na msukumo huo unaupata kwenye mizunguko 1,800. Hiyo ndiyo injini inayovuta mapema.

Kwa 109, chukua 200Tdi ya Defender. Sababu ni moja na ni kubwa. 200Tdi ni ukoo mmoja na hiyo 2.25 yako. Ukiziweka sakafuni ubavu kwa ubavu unaona kabisa ni babu na mjukuu. Mauntingi zinakaa pale pale, na belihauzi ya giaboksi yako inakutana nayo bila sahani. Kuna stadi chache za kutoa na matundu ya kutoboa, na bushi ya mbele ya shafti ya giaboksi, basi. 300Tdi ilibadilishwa mambo mengi, mauntingi zake haziko mahali pamoja na zako, itabidi chesisi ikatwe na kuchomelewa. Inawezekana, ila chesisi ya mzee iache ilivyo.

Nimesema ya Defender kwa makusudi. 200Tdi ya Discovery ni injini ile ile, lakini tabo lake linakaa chini na linagongana na chesisi. La Defender linakaa juu.

Utaniuliza, fundi, si umesema giaboksi haibebi Nm 255? Ndiyo, nimesema. Kwa hiyo tunafanya hivi: tabo tunalibakiza, hatuweki intakula (kipoza hewa ya tabo), na tunapunguza dizeli kidogo kwenye pampu. Utapoteza farasi kadhaa. Utabaki na injini inayovuta kuliko 2.25 kwa mbali, haijaivunja giaboksi, na rejeta haihamishwi. Kipoza oili usikiache, pistoni za hii injini zinapozwa kwa oili.

Na tabo kwako wewe wa milimani lina faida nyingine. Injini isiyo na tabo inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu kila unapopanda mita 1,000, hewa inakuwa nyepesi. Tabo linaifidia. Ile 2.25 ikifika Lushoto ilikuwa si 62 tena.

Ubaya: ina mkanda wa taimingi, hedi yake ni ya alumini, na spea zake hutazipata Mombo. Ukiwa na gari hili lazima uwe na sanduku lako: mkanda, gasketi ya hedi, water pampu, thamostati. Vitu hivyo vinne viwe nyumbani siku zote.

Magamba109 (#14)

Nimesoma mara nne. Fundi, naomba namba za simu tusizitoe hapa, nitakutumia ujumbe faragha.

Magamba109 (#15)

Wakuu, mrejesho wa kwanza. Nimezunguka wiki mbili kutafuta 200Tdi ya Defender, na nimejifunza kwa gharama ya nauli.

Ya kwanza niliikuta kwa muuzaji wa injini za mtumba. Imepakwa rangi ya fedha inang'aa, hata bolti zimepakwa. Bei nzuri, na mwenyewe ananiambia wengine wawili wameshaiwekea mkono. Nikakumbuka fundi alivyoniagiza: usiangalie juu, angalia mstari wa gasketi ya hedi. Nikapitisha ukucha pale kati ya hedi na bloku, upande wa nyuma ambako rangi ilikuwa nene. Rangi ikabanduka, chini yake kuna ukoko mweupe kama chumvi. Maji yalikuwa yanatoka hapo na yamekauka. Nikamwomba anifungulie kifuniko cha oili, nikaingiza kidole, kikatoka na kitu cha rangi ya chai ya maziwa. Nikashukuru, nikaondoka.

Ya pili ilikuwa chafu kuliko kitu chochote nilichowahi kuona. Matope, manyasi, oili iliyoganda. Iko bado ndani ya 110 iliyogongwa nyuma na haifai tena. Lakini mwenyewe alikubali iwashwe. Ilikuwa ya baridi, nimeigusa bloku mwenyewe kabla. Ikawaka kwa nusu zunguko la stata. Tukaiacha ishike joto, nikafungua kifuniko cha oili, nikakiweka kichwa chini juu ya tundu lake. Kilitetemeka tu, hakikuruka. Tukapima mgandamizo, silinda zote nne zilikuwa karibu sawa. Nimelipa. Nimechukua na rejeta, kipoza oili, bomba la kwanza la ekzosi na nyaya zake zote.

MzeeWaLandrova (#16)

Umefanya kiume mwanangu. Chafu iliyowaka ni bora.

Sasa nakuambia lile nililolisitisha. Namba ya injini ya zamani ndiyo iliyoandikwa kwenye kadi ya gari. Kabla hujaingia barabarani na hiyo mpya, hakikisha una hati ya mauziano ya injini na nakala ya kadi ya hiyo 110 ilikotoka, uende TRA na ukaguzi wa askari wa usalama barabarani, kadi ibadilishwe. Nimeona watu wanapoteza siku mbili barabarani na mzigo unaozea juu, kwa ajili ya namba tu. Na hiyo injini ya zamani itunze na namba yake. Siku mjukuu wako akitaka kulirudisha gari lilivyotoka kiwandani, atahitaji bloku hiyo hiyo.

Nakuru_Landy (#17)

Kweli kabisa mzee, hata huku Kenya ni hivyo hivyo, NTSA, mamlaka ya usafiri, lazima wajue umebadilisha injini. Magamba, na breki je? Umeweka injini yenye nguvu mara moja na nusu.

Magamba109 (#18)

Breki nimeanza nazo kabla ya injini. Silinda kubwa mpya ya njia mbili na buusta, silinda ndogo zote za magurudumu mpya, shuu mpya, ngoma za mbele zimechongwa. Mabomba ya chuma yote nimeyatoa, yalikuwa na kutu ndani. Pesa iliyoingia kwenye breki haipishani sana na ya injini, na sijutii hata shilingi.

Magamba109 (#19)

Wakuu, mrejesho wa pili. Miezi minne imepita, gari liko barabarani, kadi imebadilishwa.

Kazi ya kufunga ilichukua siku tisa Ngarenaro. Injini ilikaa kwenye mauntingi zake bila kuchomelea kitu. Nilisimama pale fundi alipoishusha kwa winchi taratibu, kijana wake akiwa chini anaongoza shafti ya giaboksi iingie kwenye klachi. Ilikwama, wakaipandisha inchi moja, kijana akazungusha propela kwa mkono kidogo, ikaingia yenyewe mpaka ikagusa. Gia ya pili tuliifungua pia, sinkronaiza na springi zimebadilishwa, hairudi tena.

Safari ya kwanza ya mzigo ilikuwa mifuko 17 ya saruji, kilo 850, Mombo kwenda juu. Nilitazama geji ya joto kuliko nilivyotazama barabara, Mungu anisamehe. Nilipanda sehemu kubwa kwa gia ya tatu. Zile kona kali kabla ya Soni nilirudi ya pili, na pale ambapo baba alikuwa anasimama kupoza nilipita sindano ikiwa katikati. Nilisimama hata hivyo, mita chache mbele. Nikazima, nikakaa kidogo, nikanywa maji ya pale.

Mafuta: zamani likiwa na mzigo lilikuwa linakwenda kilomita 7 kwa lita, kwa daftari la baba. Sasa napata 10, na nimepima kwa kujaza tanki hadi shingoni mara tano. Spidi sijazidisha 75. Kelele ipo, Tdi inagonga kuliko 2.25, lazima niseme hivyo kwa anayefikiria. Mama anasema zamani alikuwa analijua gari kwa mlio wake likiwa bado ng'ambo ya bonde, sasa halijui mpaka lifike.

Upungufu: limewahi kuvuja oili kwenye bomba la kurudishia la tabo, gasketi ilikuwa mbovu. Na chujio la zamani la bakuli la oili nimeliacha, tabo halitaki kuvuta oili, nimeweka la karatasi kutoka kwenye ile 110.

Kaka Bwiko, bado naamini 3L ni jibu sahihi kwa anayekaa barabara kuu kama wewe. Ningekuwa Korogwe ningekufuata.

Bwiko_Hiace (#20)

Hongera sana mkuu. Ukishuka Bwiko simama tuziweke ubavu kwa ubavu. Na ile 2.25 umeipeleka wapi? Kuna mtu Same anatafuta bloku.

Magamba109 (#21)

Haiuzwi kaka, nisamehe. Nimeijengea kitanda cha mbao bandani, pale pale gari lilipokuwa limefunikwa. Matundu ya nozeli nimemimina oili safi na kuyaziba kwa mbao zilizochongwa, maji yote yametolewa. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi mwanangu anaingia na spana ndefu, anazungusha krenki mizunguko miwili, anafunika turubai. Namba iko upande wa ekzosi, tumeipaka grisi isile kutu.